Mji Usio na Refa

Asubuhi ya Jumamosi kwa kina Boyko ilianza kwa kelele. Orest Boyko aligonga mlango wa chumba cha binti yake kwa kiganja, akamuuliza kama wapinzani wao wa mji wa Eastlock watamngoja mpaka ashibe usingizi, kisha akatoka nje kuchomoa waya wa umeme uliokuwa ukiipasha joto injini ya pikapu. Bila waya ule, katika baridi ya mji wa Kessler ya mwezi wa pili, gari lisingewaka hata kwa maombi.

Tessa, nahodha wa timu ya watoto ya Kessler, alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na siku hizo alikuwa anachoka kabla hata ya kutoka kitandani. Alichoshwa na kuamka gizani. Alichoshwa na uwanja wa barafu wa Kessler, ambao mashine yake ya kulainisha barafu iliharibika kila ilipohitajika. Alichoshwa na timu yenye wachezaji wachache mno, hivi kwamba mmoja akipata mafua waliobaki wanacheza bila kupumzika. Alichoshwa na safari ndefu kwenye barabara za theluji, kwenda kufungwa mabao mji wa mbali na kurudi nyumbani na njaa. Lakini hoki hiyo ya barafuni aliipenda, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Asingeipenda, angelala.

Mama yake, Janelle, alikuwa amekwisha kutangulia. Kila mwisho wa juma alijitolea katika jiko la uwanjani, akikaanga chipsi na kuzimwagia mchuzi na jibini kwa ajili ya watazamaji. Tessa akala mkate wake ndani ya pikapu, begi la vifaa likiwa limembana magoti, huku baba yake akimweleza namna ya kumkaba mchezaji namba tisa wa Eastlock. Alikwisha kumweleza hayo jana yake wakati wa chakula, na juzi yake pia.

Refa wa siku hiyo alikuwa Emmett Lafond, kijana wa miaka kumi na sita, jirani yao wa upande wa pili wa barabara ya shambani. Huyo ndiye aliyemfundisha Tessa kuteleza kinyumenyume alipokuwa mdogo, kwenye bwawa lililoganda nyuma ya ghala la kina Lafond. Mji mzima wa Kessler ulikuwa na marefa wawili tu: Emmett, na Bwana Stubbs, mzee mwenye goti bovu aliyekuwa akisema kila mwaka kwamba mwaka huu ndio wa mwisho.

Orest Boyko hakuwa mtu mbaya. Theluji ikianguka nzito, aliondoa ya kwake na ya majirani wazee bila kuombwa. Lakini alipokaa kwenye jukwaa la uwanja na kikombe cha kahawa mkononi, kuna kitu kilimwingia. Sauti yake ilijulikana katika wilaya nzima. Siku hiyo alianza mapema, akimuuliza Emmett kama macho yake ameyasahau nyumbani, na kama mama yake anajua kwamba ametoka bila miwani. Watu waliokaa karibu wakacheka. Emmett hakugeuka, ila masikio yake yalikuwa mekundu chini ya helmeti.

Kipindi cha tatu kilifika timu zikiwa sare. Dakika zilikuwa zinayoyoma pale namba tisa wa Eastlock, mvulana mrefu mwenye miguu mepesi, alipokitwaa kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira katikati ya uwanja. Akampita mchezaji mmoja wa timu ya Tessa kana kwamba anapita mti. Tessa akapandwa na hasira. Alikuwa amekwisha kumwambia yule mwenzake asisimame, na yeye amesimama. Sasa namba tisa alikuwa anakwenda peke yake kwa golikipa. Tessa akamfuata, akanyoosha gongo lake la kuchezea, akalipitisha mbele ya miguu ya yule mvulana, akalivuta. Namba tisa akaanguka kifudifudi, akateleza hadi ukutani.

Emmett akainua mkono na kupiga filimbi. Akamwonyesha Tessa kibanda cha adhabu: dakika mbili nje. Tessa akatandaza mikono kama mtu aliyeonewa, maana hivyo ndivyo wachezaji wote hufanya, kisha akaenda kuketi kibandani. Kessler wakiwa pungufu ya mchezaji mmoja, Eastlock wakafunga bao. Mchezo ukaisha hivyo.

Kelele iliyotoka jukwaani haikuwafaa watu wazima. Orest alishuka ngazi, akamngoja Emmett kwenye mlango wa chumba cha marefa, akamnyooshea kidole kifuani na kumwambia, mbele ya wazazi na watoto, kwamba ameuharibu mchezo, kwamba hafai kuchezesha hata paka, kwamba kama anaogopa wageni akae nyumbani akamue ng'ombe. Wazazi wengine walisimama pembeni na vikombe vyao. Wengine waliongeza maneno yao. Emmett alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Naomba nipite, Bwana Boyko," akaingia ndani na kufunga mlango.

Ndani ya pikapu, Orest hakuwasha gari mara moja. Alishika usukani kwa mikono yote miwili.

"Tessa, niambie ukweli. Yule mtoto ulimtega?"

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Lakini Tessa alikuwa na njaa, amefungwa, ana hasira na mwenzake aliyesimama, ana hasira na Emmett kwa kuwa ameona. Tena baba yake alikwisha kupiga kelele zote zile kwa ajili yake. Je, angezirudisha vipi mdomoni?

"Aliteleza mwenyewe," akasema.

"Nilijua," akasema Orest, akawasha gari.

Jioni hiyo Orest aliandika kwenye ukurasa wa mji mtandaoni kwamba binti yake ameonewa na kwamba Kessler inahitaji marefa wanaojua kazi yao. Watu wakaunga mkono. Watu ambao hawakuwa hata uwanjani wakaunga mkono. Jumatatu shuleni, ambako wakubwa na wadogo husoma katika jengo moja, Emmett alipopita kwenye ukumbi wavulana walipiga miluzi nyuma yake kama filimbi. Tessa alikuwa amesimama mbele ya kabati lake la vitabu. Emmett alimtazama kidogo tu, si kwa ubaya, kama mtu anayeuliza jambo. Tessa akaingiza kichwa kabatini akijifanya anatafuta kitabu.

Siku iliyofuata Emmett alikwenda kwa Bi Ardith, mwenyekiti wa chama cha hoki cha mji, akamkabidhi filimbi na shati lake lenye mistari. Bwana Stubbs alipopata habari, naye akasema goti lake limempa ruhusa ya kupumzika. Mkuu wa marefa wa wilaya alipoombwa msaada, alijibu kwamba hana mtu anayekubali kutumwa Kessler. Watu wa Kessler wana midomo. Akaongeza kwamba kama hadi mwisho wa mwezi hawatakuwa na marefa wawili, mchezo wao wa mtoano dhidi ya Eastlock, uliopangwa kuchezwa nyumbani, utahesabiwa kuwa wameshindwa bila kucheza.

Bi Ardith aliitisha mkutano kwenye ukumbi juu ya uwanja. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyeendesha basi la shule asubuhi na kuendesha chama cha hoki saa nyingine zote, na alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kuombwa mambo mengi kupita kiasi. Wachezaji waliambiwa nao wahudhurie. Tessa aliketi nyuma na kuwasikiliza watu wazima wakilaumiana. Mmoja alisema kosa ni la wilaya. Mwingine alisema vijana wa siku hizi ni dhaifu, neno moja tu wanalia. Wa tatu alilalamika kuhusu mashine ya barafu, ingawa hakuna aliyekuwa ameizungumzia. Orest alisimama akasema tatizo ni dogo sana: waletwe marefa wazuri.

"Kutoka wapi, Orest?" akauliza Bi Ardith.

"Kokote waliko."

"Wewe ulicheza hoki miaka yote ya ujana wako. Viatu vyako vya barafuni bado unavyo. Kwa nini refa asiwe wewe?"

Orest akacheka, akasema mgongo wake haumruhusu. Bi Ardith hakucheka. Alisema Jumamosi kuna siku ya wadogo, watoto wa miaka saba na minane watatoka miji mitatu, na hakuna hata mtu mmoja wa kuwachezesha. Kanuni zilimruhusu mchezaji mkubwa kidogo kuwachezesha wadogo, mradi asimamiwe na mtu mwenye ujuzi. Bwana Stubbs angekubali kusimamia akiwa amekaa kwenye benchi. Akauliza nani kati ya wachezaji atajitolea. Kila mtoto akayatazama mazulia.

"Basi nahodha," akasema Bi Ardith. "Tessa, utakuja Jumatano jioni na Alhamisi, Bwana Stubbs akufundishe."

Tessa alitaka kukataa. Lakini alipofungua mdomo, lililomjia si sababu bali uso wa Emmett kule shuleni, akafunga mdomo.

Mafunzo yalikuwa rahisi. Bwana Stubbs alimwonyesha namna ya kusimama, namna ya kukitupa kisahani katikati ya wachezaji wawili, lini ainue mkono. Alimwambia aangalie miguu na magongo, asiangalie jukwaa. Tessa aliwaza kwamba kazi yenyewe si ngumu kama marefa wanavyojifanya.

Jumamosi ilipofika aligundua kwamba watoto wa miaka saba hawachezi hoki. Wanafuata kisahani wote kwa pamoja kama kuku wanaofuata mahindi, wanaanguka wote, na anayeinuka wa kwanza ndiye bora. Shati la mistari lilimpwaya Tessa hadi magotini. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha mtoto wa timu ngeni akamsukuma mwenzake mgongoni, Tessa akapiga filimbi, na sauti ya mama mmoja jukwaani ikasema kwamba hapo hakuna kosa. Mara ya pili hakupiga filimbi, na sauti ya babu mmoja ikauliza kama refa amelala.

Akaanza kuchanganyikiwa. Alikuwa anachelewa, kwa sababu kabla ya kuamua alianza kuwaza jukwaa litasema nini. Mtoto mmoja asiye na meno ya mbele alimvuta mwenzake kwa gongo wazi kabisa, na alipoulizwa akamtazama Tessa machoni na kuapa kwamba gongo limeteleza lenyewe. Tessa ndiye aliyeondoa macho kwanza. Baadaye kisahani kiligonga nguzo ya goli, au kiliingia ndani kikatoka. Hakuona sawasawa, kwa maana watoto wanne walikuwa wamelala mbele yake. Akaamua si bao.

Hapo jukwaa lililipuka. Baba mmoja mwenye koti la kijani akapiga kioo kwa ngumi. Akamwita kipofu. Akauliza nani amemleta huyu mtoto, na kama Kessler imeishiwa watu. Tessa alisimama katikati ya barafu na filimbi mdomoni, machozi yakimjia nyuma ya kinga ya uso, akishukuru kwamba kinga ina ukungu. Akamtazama Bwana Stubbs, naye akainuka taratibu kwa goti lake, akianza kutembea kuelekea jukwaani.

Lakini kulikuwa na aliyemtangulia. Sauti aliyoijua kuliko zote ilipanda juu ya zile nyingine. Orest alikuwa amesimama kwenye benchi, uso mwekundu, akimwambia mtu wa koti la kijani kwamba huyo ni mtoto wa watu, ana miaka kumi na miwili, na kama angekuwa mwanamume kweli angeona haya kumfokea mtoto. Yule mtu akamjibu. Orest akamjibu zaidi. Wadogo wote waliacha kucheza. Mmoja alianza kulia, na wa pili akalia kwa kumwona wa kwanza.

Tessa hakujua alipoamua. Alijikuta amepiga filimbi ndefu sana, mpaka pumzi ikamwisha, na uwanja ukanyamaza. Akateleza hadi kwenye kioo.

"Wewe bwana wa koti la kijani," akasema. "Tafadhali toka nje. Mchezo hauendelei ukiwa hapa."

Kisha akageuza kichwa.

"Na wewe, Baba. Utoke pia."

Kwenye dirisha la jiko, Janelle alikuwa amesimama na kijiko cha mchuzi mkononi, akimtazama mumewe. Orest akashuka ngazi moja baada ya nyingine, akatoka. Yule wa koti la kijani akamfuata. Walisimama nje kwenye baridi, kila mmoja upande wake wa mlango, mpaka mchezo ulipokwisha.

Walianza kuzungumza kwenye njia panda ya kwao, wakirudi nyumbani. Orest ndiye aliyeanza. Alisema, bila kuondoa macho barabarani, kwamba hakujua inavyokuwa. Kwamba ukiwa jukwaani unaona shati la mistari tu. Leo ameona ndani ya shati kuna mtu.

Tessa akaona kwamba akingoja zaidi hatasema kamwe.

"Baba, namba tisa wa Eastlock nilimtega. Kwa makusudi. Emmett aliona sawasawa."

Pikapu ikapunguza mwendo, ikasimama kando ya uzio, theluji ikipeperuka mbele ya taa.

"Nilikuuliza," akasema Orest.

"Uliniuliza."

"Nikamvunjia heshima mtoto wa Lafond mbele ya mji mzima kwa sababu ya kosa lako."

Tessa alijua kwamba sehemu ya hayo ni kweli, na kwamba si yote.

"Kosa langu ni kumtega na kukudanganya," akasema polepole. "Lakini ulikuwa umeanza kumtukana kabla ya hapo, Baba. Tangu kipindi cha kwanza. Na mlangoni kwake ulikwenda kabla hujaniuliza."

Alingoja afokewe. Orest alipiga usukani kwa kiganja mara moja, kwa uchovu zaidi kuliko hasira. Kisha akasema kwamba hilo nalo ni kweli, na kwamba kesho wataenda pamoja, maana kila mmoja ana lake la kusema.

Jumapili mchana walivuka barabara. Mama yake Emmett aliwafungulia mlango, akawatazama, akaenda kumwita mwanawe, akawaacha wamesimama kwenye kibaraza na viatu vyao vya theluji. Katika nchi ile, wakati wa baridi, jirani hukaribishwa ndani hata kabla hajaeleza kilichomleta. Orest alilielewa. Alivua kofia akaishika mkononi, masikio yakimganda.

Emmett alitoka amevaa ovaroli ya kazi za ng'ombe. Tessa akamwambia yote, haraka haraka: gongo, uongo wa kwenye pikapu, kabati la shuleni. Orest akasema kwamba alichokifanya hakina udhuru, hata kama Emmett angekuwa amekosea kweli, na kwamba maneno aliyoyaandika mtandaoni ameyafuta na kuandika ukweli mahali pake, kwa jina lake, bila kumtaja Tessa.

"Jina langu niliomba alitaje," akasema Tessa. "Akasema nitajitaja mwenyewe mbele ya timu kesho."

Emmett alifikiri. Mbwa wao alikuja akanusa glavu za Orest, akaenda zake.

"Uongo wako sikuujua," akamwambia Tessa. "Niliacha si kwa sababu hiyo. Hata kutukanwa, nimezoea. Siku ile watu wote walikuwa pale, walimu wangu, majirani, akina mama mnaokunywa nao chai. Walisikia. Hakuna mmoja aliyesema basi, inatosha. Nikajiuliza, ninaamka alfajiri kwa ajili ya nani?"

Orest aliuliza kifanyike nini ili arudi. Emmett akasema hajui kama atarudi, ila hatarudi kuwa peke yake. Kama kuna mtu mzima atakayesimama jukwaani kuzuia midomo, na kama kuna watu wengine watakaojifunza kazi hii ili yeye asiwe wa kwanza na wa mwisho, atafikiria. Mama yake, aliyekuwa nyuma ya mlango muda wote, akafungua akasema kahawa inapoa.

Jumatatu Tessa alisimama mbele ya timu yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo na kusema aliyoyafanya. Ilikuwa ngumu kuliko kibaraza. Kijana mmoja alimwambia kwamba amewakosesha msimu mzima kwa ajili ya dakika mbili za adhabu, na Tessa hakujitetea. Kocha Rennie alimvua unahodha kwa michezo mitatu. Alilia njiani, akanyamaza kabla ya kufika nyumbani.

Orest naye aliingia mafunzo ya urefa, pamoja na mama wa golikipa na mwalimu mmoja wa hesabu. Mara ya kwanza aliyochezesha wadogo alianguka mara nyingi kuliko wao, na babu yule yule akamuuliza kama amelala. Orest aliuma meno, akaendelea. Aliporudi nyumbani alijilaza sakafuni kwa ajili ya mgongo, akamwambia Janelle kwamba watu wa mji huu hawana adabu hata kidogo. Janelle akamwambia kwamba amekwisha kuwasikia, tena kwa miaka.

Bi Ardith alimpigia simu mkuu wa wilaya kila siku mpaka mtu yule akachoka. Emmett alikuwa amekubali. Wilaya ikakubali kumtuma wa pili, kwa sharti kwamba jukwaa litasimamiwa. Orest hakuruhusiwa kuchezesha mchezo wa binti yake, kwa hiyo jukwaa likawa lake.

Siku ya mtoano uwanja ulijaa. Orest alitembea juu na chini kwenye ngazi, na kila aliyefungua mdomo kumsema refa alimkuta amesimama mbele yake. Mchezo ulikuwa mkali, ukaisha sare, ukaongezwa muda ambao bao la kwanza ndilo linalomaliza mchezo. Mwishoni kabisa kisahani kiligonga mguu wa golikipa wa Kessler, kikadunda mstarini, na Emmett akaonyesha kwa mkono: bao. Eastlock wakarukiana. Kwa macho ya Tessa, kilikuwa hakijavuka mstari. Alikuwa karibu, na angeweza kuapa. Akamtazama Emmett, mdomo wazi. Juu, jukwaa lote lilikuwa limevuta pumzi, na Orest, aliyekuwa ameona kama binti yake alivyoona, alikuwa ameingiza glavu yake nzima mdomoni na kuiuma.

Hakuna aliyesema kitu. Tessa akafunga mdomo, akaenda kupanga foleni ya kupeana mikono.

Chumbani walikaa wameinamisha vichwa. Wengine walikuwa wanalia, na kijana mmoja alikuwa anapiga gongo lake sakafuni. Bi Ardith aliingia na koti lake la kuendeshea basi, akasimama mlangoni.

"Bi Ardith," akasema Tessa, "lile lilikuwa bao?"

"Sijui," akajibu Bi Ardith. "Nilikuwa nyuma ya nguzo. Hata Emmett pengine hana hakika kwa asilimia mia. Lakini alikuwa karibu kuliko mimi, akaamua, na mchezo ukapata mwisho. Hiyo ndiyo kazi tunayomwomba."

Akavua kofia, akawatazama mmoja mmoja.

"Nisikilizeni, nimechoka na sitarudia. Mwezi mzima mji huu umelalamika kwamba hauna marefa. Refa hanunuliwi dukani. Ni mtoto wa jirani, anaamka alfajiri kama ninyi, ana masikio kama ninyi. Mtu mmoja akimdhulumu kwa uongo mdogo, na wengine wakanyamaza, anakwenda zake, na mchezo unakwenda naye. Atakayekosea aseme amekosea siku ile ile, kabla uongo haujapata wapiga makofi. Na anayemsikia mwenzake akionewa, aseme inatosha. Mkiyaweza hayo mawili, mtakuwa na hoki mwakani. Msipoweza, barafu hii itabaki ya kutazamwa."

Akafungua mlango. Nje, kwenye dirisha la jiko, Emmett alikuwa ameegemea akila chipsi bado amevaa shati la mistari, na Orest alikuwa kando yake, akimweleza kwa mikono miwili na sauti ya chini sana, yenye uchungu mwingi, jinsi alivyokiona kile kisahani. Emmett alikuwa anatafuna na kutikisa kichwa. Tessa alichukua begi lake akaenda kusimama nao.

"Baba," akasema, "inatosha. Twende nyumbani."